Bwana Kipenga Ameuzwa

Habari imenikuta Isevya, saa tano asubuhi,
bisibisi mdomoni, padi imefumuliwa mezani,
springi zake zimetawanyika kama punje za mtama.
Simu ikatetemeka: kampuni kubwa imeinunua ile ndogo.
Watu tisa, huko Japani, juu ya duka la samaki,
wamepata mwenye mali mpya.

Nani Tabora atajali?
Nilicheka peke yangu. Kisha nikatoa bisibisi mdomoni.

Maana gemu yao haikuletwa kwetu, ilituangukia.
Shemeji Lugusi alitoa Noah bandarini,
akaja kuioshea hapa, na chini ya kiti cha nyuma
palikuwa na mashine, waya umeviringwa kwa adabu,
diski moja ndani. Mwenyewe aliisahau,
au aliiacha kama mtu anavyomwachia jirani ufunguo.

Maandishi yote ya Kijapani. Hatukuambulia hata nukta.
Mtu mmoja, kofia, kipenga, kizuizi cha njia panda ya reli,
theluji. Treni inakuja, unashusha. Imepita, unainua.
Basi.
Hakuna bunduki, hakuna pointi, hakuna kufa.
Vijana waliozoea mpira wakataka niwarudishie hela.
Nyamizi akabaki. Baba yake ni mshika bendera stesheni;
alijua kusubiri nako kuna jasho lake.
Ndiye aliyembatiza: Bwana Kipenga.

Na ndiye aliyepitiwa na usingizi siku moja, padi mapajani,
mvua ikipiga bati, hakugusa kitu saa nzima.
Tulipotazama, Bwana Kipenga alikuwa ameketi
anamenya chungwa.
Taratibu. Ganda halikukatika.
Miaka mitatu tulikuwa tukimwamrisha,
kumbe alitaka tumwache.

Ni nani kati ya wale tisa
aliyekesha akilichora ganda lile
ambalo wengi hawataliona?
Na kwenye mkataba walilihesabu kwenye fungu gani,
viti, kompyuta, au madeni?

Mwenye mali mpya anasema hakuna kitakachobadilika.
Aya inayofuata anasema Bwana Kipenga atarudi,
safari hii na sarafu: ukilipa, treni inawahi.

Mama mkubwa anauza asali ya Sikonge.
Mwaka juzi mnunuzi alikuja na gari lenye kiyoyozi,
akanunua lebo, jina, na picha ya uso wake.
Sasa uso wake uko madukani,
unatabasamu juu ya maji ya sukari.
Nilipomsimulia ya Wajapani hakuuliza gemu ni kitu gani.
Aliomba kalamu, akageuza risiti ya luku, akaandika:

*Mzinga wamenunua, nyuki hawana habari,*
*Bei wameitambua, asali bado ni siri,*
*Njia ya kwenda kwa ua, haikutiwa muhuri,*
*Wakiondoka na jua, mtarina tu upepo.*

Nimeibandika ukutani, juu ya bei za saa na nusu saa.

Jioni akaja Nyamizi, kidato cha tatu sasa,
sare ina wino mfukoni. Akasoma, midomo ikimcheza.
"Na kule kusubiri," akauliza, "nako kumeuzwa?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na dawa ya meno.
Nikaipaka diski, nikaifuta kutoka katikati kwenda ukingoni
kama unavyomfuta mtoto uso,
nikairudisha. Ikakwaruza, ikasita, ikawaka.
Luku ilikuwa imebaki uniti moja na ushee.
Treni ya Kigoma ilikuwa imechelewa tena;
baba yake yuko huko, na bendera yake kwapani.

Tukaiweka padi mezani, tukakaa mbali nayo,
mikono mapajani kama wageni.
Theluji ikaanguka Isevya.
Bwana Kipenga alikuwa bado amesimama.